Uchechemuzi: kudai sera badala ya kugawa msaada

Ugonjwa unapoenea nchi nzima, asasi za kiraia huonekana zaidi zikigawa unga, sabuni na barakoa. Uchechemuzi ni kazi nyingine: kuibana serikali au kampuni ibadilishe sera, bajeti au sheria, ili huduma imfikie hata mtu ambaye hajawahi kuisikia asasi hiyo. Wafadhili wengi huipenda zaidi ile ya kwanza. Inapigika picha.

Mfano ninaouona bora kuliko yote ni wa Afrika Kusini wakati wa UKIMWI. Asasi ya kudai tiba ya VVU, Treatment Action Campaign (TAC), ilianzishwa Cape Town Desemba 1998, Zackie Achmat akiwa mmoja wa waanzilishi. Baada ya muda mfupi ikathibitika kwamba dawa ya nevirapine inapunguza maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto: kidonge kimoja mama akiwa na uchungu, matone kidogo kwa mtoto akishazaliwa. Mtengenezaji alijitolea kuitoa bure kwa miaka 5. Hata hivyo serikali ya Rais Thabo Mbeki, aliyetilia shaka sayansi ya VVU, iliiruhusu katika vituo 2 tu vya majaribio kwa kila jimbo. Daktari wa hospitali nyingine ya umma hakuruhusiwa kuitoa, hata kama angeweza. Mwenye pesa aliipata hospitali binafsi. Hapo tiba ikawa suala la haki: mjamzito alinyimwa dawa kwa sababu ya anapoishi na alichonacho mfukoni.

TAC ingeweza kuchangisha fedha, ikanunua vidonge na kuvigawa. Badala yake ilikusanya hati za kiapo, ikaandamana, ikawafundisha wanachama wake jinsi virusi na dawa vinavyofanya kazi (sehemu hii husahaulika, na bila hiyo nani angebishana na waziri?), kisha ikaenda mahakamani ikiegemea kifungu cha 27 cha Katiba, kinachotoa haki ya huduma za afya. Tarehe 5 Julai 2002 Mahakama ya Katiba iliiamuru serikali iondoe vizuizi hivyo bila kuchelewa.

Wapo wanaodhani huo ni upinzani wa kisiasa. Sivyo. Kampuni 39 za dawa zilipoishtaki serikali hiyohiyo kupinga sheria ya kupunguza bei za dawa, TAC iliingia kortini kama rafiki wa mahakama (asiye mdai wala mdaiwa, anayetoa hoja za kuisaidia mahakama) kuitetea sheria hiyo, na Aprili 2001 kampuni zikaondoa kesi. Achmat mwenyewe alikuwa mwanachama wa chama tawala, ANC.

Hukumu ya 2002 ilihusu akina mama na watoto wachanga tu. Wagonjwa wengine wenye VVU waliendelea kungoja, mpaka TAC ikaanzisha kampeni ya kukaidi sheria kwa amani mwaka 2003. Novemba mwaka huo ndipo serikali ilipoidhinisha mpango wa kutoa ARV, dawa za kupunguza makali ya VVU, katika hospitali za umma.