Matundu Sita ya Daraja la Pontypridd

Wengi wanaoona picha za Daraja la Kale la Pontypridd, kusini mwa Wales, huuliza yale matundu ya mviringo mabegani mwake ni ya nini. Jibu linalopendwa ni kwamba yanapitisha maji ya mafuriko. Mimi ni mhandisi wa madaraja, na jibu hilo halinitoshi. Kazi yake kubwa ni kupunguza uzito.

Mwaka 1746 William Edwards, mchungaji wa kanisa, mkulima na mwashi asiyesomea ufundi popote, alipewa kazi ya kuvusha barabara mto Taff. Mkataba ulimtaka alidhamini daraja kwa miaka 7. La kwanza lilikuwa na nguzo mtoni. Mafuriko yakaleta miti, ikanasa kwenye nguzo, maji yakajaa nyuma yake hadi daraja likang'oka. Basi akaachana na nguzo: tao moja, ukingo hadi ukingo. Hilo nalo mafuriko yalilikuta bado limebebwa na jukwaa la mbao, yakazoa vyote.

La tatu ndilo linalonivutia, maana mto haukuligusa. Mabegani, penye nafasi kubwa kati ya tao na barabara, palijazwa mawe na kifusi. Utosini tao lilikuwa jembamba na jepesi. Mabega yakaelemea, yakabana katikati, mawe ya utosini yakafyatuka kwenda juu. Tumezoea kusikia daraja limezidiwa na mzigo. Hili lilikosa mzigo pale lilipouhitaji. Shika mnyororo kwa ncha zake mbili, kisha tundika kitu kizito karibu na kila mkono: katikati pataanza kulala bapa. Upindue umbo hilo, ndiyo njia inayofuatwa na nguvu ndani ya tao lenye mabega mazito. Mawe yasipokuwa kwenye njia hiyo, hayakai.

Mwaka 1756 Edwards alirudia tao, safari hii akipitisha matundu matatu kila bega, yenye vipenyo vya takriban mita 2.7, 1.8 na 0.9, kubwa likiwa karibu na ukingo, kwenye kina kirefu zaidi cha bega. Urefu wa tao ni kama mita 43, na kwa miaka 40 hivi Uingereza haikuwa na tao pana kuliko hilo.

Kulitumia ilikuwa shughuli. Mteremko wake ni mkali mno, mikokoteni ilifungwa minyororo isije ikaserereka. Mwaka 1857 likajengwa jingine ubavuni, likachukua magari.