Kabla hujatangaza zabuni ya maabara ya utafiti

Mimi ni mkadiriaji majenzi, kituo changu cha kazi ni Moshi. Huandaa nyaraka za zabuni za majengo ya umma: madarasa, zahanati, hosteli, na mara chache maabara za utafiti wa tiba. Hizo chache ndizo zinazonikosesha usingizi. Ukanda wetu una utafiti mwingi kuliko wengi wanavyodhani: taasisi ya utafiti wa tiba ya KCRI ipo pale hospitali ya KCMC, hospitali ya Kibong'oto kule Siha inashughulika na kifua kikuu tangu 1926, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ina kituo Ngongongare, na Tengeru kuna Taasisi ya Nelson Mandela. Taasisi za namna hii haziachi kujenga na kukarabati, na fedha ya umma ikiingia, Sheria ya Ununuzi wa Umma inaingia nayo.

Ninachotaka kusema ni hiki: maabara mbovu huanza kuharibika kwenye nyaraka za zabuni, kabla mkandarasi hajafika saiti.

Mkandarasi hulipwa kwa kilichoandikwa. BOQ, ile orodha ya kazi na vipimo ambayo kila mzabuni anaijaza bei, ndiyo kauli ya mshitiri, yaani mwenye mradi. Ukiandika "kufunga mfumo wa hewa, kazi moja" ukaishia hapo, umemwachia mzabuni aamue mwenyewe mfumo huo ni kitu gani. Mmoja ataweka bei ya feni za kunyonya hewa na viyoyozi vya ukutani, mwingine ataweka bei ya mtambo kamili wenye vichujio na vidhibiti. Tangu Oktoba 2023 zabuni za umma hupitia NeST, mfumo wa ununuzi wa mtandaoni wa serikali, na humo bei zao zitapangwa pamoja kana kwamba zinazungumzia kitu kimoja. Aliyeelewa kazi ndiye atakayeonekana ghali. Kamati ya tathmini haitakuwa na kosa, maana inapima kwa vigezo ilivyopewa.

Kwa hiyo andika hewa inavyotakiwa kufanya. Maabara ya usalama wa kibayolojia daraja la tatu, ile inayokuza vimelea vya kifua kikuu, inaishi kwa hewa. Hewa itoke korido, ipite chumba cha kubadilishia mavazi, iingie chumba cha kazi, na isirudi nyuma. Mgandamizo upungue kila unapopita mlango kuingia ndani. Hewa chafu itolewe nje bila kuzungushwa tena, na mradi ukidai chujio la HEPA, lile la kunasa chembe ndogo sana, lizuie angalau asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3. Milango miwili ijifunge yenyewe, sinki ya kunawia iwe karibu na mlango wa kutokea na isihitaji kushikwa kwa mkono. Sakafu isiwe ya marumaru, kwa sababu ya zile nafasi za grauti. Iwe epoksi au vinaili isiyo na viungio, ikunjwe ipande ukutani. Kila tundu la bomba na waya lizibwe. Fundi wa kawaida huona tundu la dari kuwa jambo la urembo, lakini hapa tundu hilo ndilo linaloharibu mgandamizo wa chumba kizima.

Halafu kuna jambo la kwetu hasa, ambalo nyaraka zilizonakiliwa kutoka Dar es Salaam hazilioni. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takribani asilimia 15 kuliko ya pwani. Feni iliyochaguliwa kwa jedwali la usawa wa bahari haitazalisha mgandamizo ulioandikwa kwenye jedwali hilo. Jenereta nayo hupungukiwa nguvu, na jenereta ndiyo inayolinda friza za nyuzi 80 chini ya sifuri umeme wa TANESCO ukikatika. Hata otoklevu, mashine ya kuua vimelea kwa mvuke: kufikia nyuzi 121, geji inayosoma takribani baa 1.05 pwani inatakiwa isome karibu 1.2 Arusha. Moshi mjini ni chini zaidi, mita 800 na kitu, lakini bado si pwani. Sentensi moja kwenye vigezo vya kiufundi, kwamba mitambo yote ikokotolewe kwa mwinuko wa eneo la mradi, haigharimu chochote. Ongeza na ya maji, kwa kuwa maji ya miteremko ya Meru yana floraidi nyingi na mashine za maabara zinahitaji maji yaliyosafishwa.

Ukarabati ni mgumu kuliko ujenzi mpya, na nasikitika kila nikiona unapewa muda mfupi eti kuta zipo tayari. Hujui nyaya zilizomo ukutani, hujui dari itabeba mtambo wa uzito gani, na mara nyingi watafiti bado wanafanya kazi chumba cha jirani. Nimeona ukarabati mmoja ukanda huu ambako vumbi la kukata ukuta liliingia kwenye vyumba vilivyokuwa na sampuli, kwa sababu hakuna aliyeandika kipengele cha kizuizi cha muda. Kipengele kisichoandikwa hakina bei, na mkandarasi hawezi kulaumiwa kwa kutokifanya. Kabla ya zabuni lipa uchunguzi wa jengo. Toboa dari, fungua masanduku ya umeme, pima. Usipofanya hivyo utajikuta unaomba kibali cha nyongeza ya gharama katikati ya kazi, na vyumba vimebomolewa.

Watu huniuliza kuhusu force akaunti, ule utaratibu wa taasisi kujenga yenyewe kwa kutumia mafundi badala ya mkandarasi. Kwa madarasa na zahanati imefanya kazi kubwa nchini na ninaiheshimu. Kwa maabara ya namna hii nasema hapana, bila kuzunguka. Mifumo ya hewa inahitaji mkandarasi wa mitambo aliyesajiliwa na CRB, bodi ya usajili wa makandarasi, anayebeba dhamana ya kazi yake.

Kazi kama hii inathibitishwa kwa majaribio, na majaribio nayo yanataka bei yake kwenye BOQ: kupima mgandamizo wa kila chumba, kupima uvujaji wa vichujio, kuthibitisha makabati ya usalama wa kibayolojia (yale yenye hewa iliyochujwa ambamo vimelea hushughulikiwa), kuzima umeme makusudi na kuangalia hewa inaelekea wapi katika sekunde zile kabla jenereta haijashika. Msimamizi wa maabara awepo na asaini. Fungamanisha sehemu ya malipo na majaribio hayo, na makabidhiano yasifanyike kwa rangi na kufagia peke yake.

Baada ya makabidhiano kuna kipindi cha matazamio, ambamo mkandarasi hurekebisha kasoro zinazojitokeza, kwa kawaida miezi 12, na fedha za matazamio, zile alizozuiliwa, zikitolewa mkandarasi anaondoka. Marekani, sheria ya ruzuku za ujenzi wa maabara chini ya NIH, taasisi za taifa za afya za huko, ilimtaka mpokeaji aahidi kulitumia jengo kwa utafiti kwa miaka isiyopungua 20. Huko ahadi inatazama matumizi, na huku kwetu mkataba unatazama nyufa za plasta. Makabati yanatakiwa kuthibitishwa upya kila mwaka, vichujio hubadilishwa, vidhibiti hupoteza usahihi. Mimi huwaomba wazabuni watoe pia bei ya matengenezo ya miaka mitatu, ndani ya zabuni ileile, wakati bado wanashindana.

La mwisho ni kalenda. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, na majaribio ya mitambo ndiyo kazi ya mwisho, kwa hiyo yanaangukia Mei na Juni, wakati kila ofisi inahangaika kumaliza fungu lake. Kama fedha yako imeidhinishwa, muite mshauri elekezi Julai hiyohiyo, umkalishe na watafiti watakaofanya kazi humo, na zabuni usiitangaze mpaka wao wasome vigezo na kukubali kwamba hicho ndicho chumba wanachokihitaji.