static na final: maneno mawili ya Java yanayowasumbua vijana wangu

Tazama klasi hii ya Java, lugha ya kuandikia programu (klasi ni kielelezo cha kuundia vitu):

class Mashua {
    String jina;
    static int abiria;
}

Kijana mmoja wa Mkomani aliiandika ili ahesabu watu wanaovuka kutoka Mokowe kuja Lamu. Mashua ya kwanza ikapakia watu kumi, na papo hapo programu ikadai kwamba ile iliyotia nanga Shela nayo ina kumi, ilhali ndani hamna hata nahodha. "Mwalimu, mashine ina wazimu?"

Haina. Kigeu (jina linalohifadhi thamani) chenye static ni mali ya klasi, wala si ya objekti yoyote, yaani kitu kilichoundwa kutokana na klasi hiyo. Java huweka abiria mmoja tu, na mashua zote, ziwe mbili au mia, husoma na kuandika hapo hapo. Futa static, kila mashua ipate hesabu yake. static inafaa unapotaka kujua umeunda mashua ngapi kwa jumla: static int idadi, unaiongeza ndani ya konstrakta, sehemu inayoendeshwa kila objekti inapoundwa.

Kinachonikera ni kwamba Java inakuacha uandike m2.abiria (m2 ikiwa jina la mashua ya pili), kana kwamba ni ya m2. Kompaila, programu inayokagua na kutafsiri ulichoandika, hainung'uniki mpaka uiombe kwa chaguo la -Xlint:static. Nawalazimisha waandike Mashua.abiria, mwenye mali ajulikane.

Sasa final, tukiiweka kwenye orodha ya majina:

final List<String> majina = new ArrayList<>();
majina.add("Fatma");
majina = new ArrayList<>();

Mstari wa pili unapita, wa tatu unakataliwa. Wengi hutarajia yote miwili ikataliwe. Lakini final huzuia jina lisielekezwe kwenye objekti nyingine, basi. Yaliyomo ndani ya objekti hayalindwi. Ukitaka orodha isiyoongezwa wala kupunguzwa, tumia List.of, iliyokuja na Java 9 mwaka 2017. Juu ya methodi (kazi iliyoandikwa ndani ya klasi), final huzuia klasi-mtoto, yaani klasi inayoirithi, isiiandike upya. Juu ya klasi, huzuia isirithiwe kabisa, kama ilivyo String.

Na protected, neno linaloamua nani aruhusiwe kufikia kigeu au methodi? Hiyo huwafungulia klasi-watoto, lakini pia kila klasi iliyo kwenye pakiti (kundi la klasi) moja nayo. Watu hulisahau hilo la pili.

Waliotoka lugha ya C++ huniuliza const, neno la kuzuia thamani isibadilishwe, iko wapi. Java imelihifadhi neno hilo bila kulipa kazi. Ukilitumia, kompaila inakurudisha.