Maana ya upatanifu wa vipuri vya kompyuta

Mtu anayetaka kuiongezea uhai kompyuta yake ya mezani, abakize kasha, diski na RAM alizonazo na kununua prosesa mpya tu (ubongo wa kompyuta) au kadi ya picha tu, kwa kawaida huuliza dukani swali moja: "Hii itaingia kwenye mashine yangu?" Muuzaji hujibu kwamba itaingia, na mara nyingi husema kweli. Kisha mnunuzi huondoka akiamini kwamba ameambiwa kipuri kinapatana na mashine yake, jambo ambalo hakuliuliza wala hakujibiwa. Nimeyasikia mazungumzo ya namna hii mara nyingi kupita kiasi, na kwa kuwa anayeumia ni yule mwenye fedha za kununua kipuri kimoja tu, nimeona tofauti hii ielezwe kwa utaratibu.

Upatanifu ni hali ya kipuri kufanya kazi kiliyoundiwa, kikiwa ndani ya mfumo fulani pamoja na vipuri vingine vilivyomo, bila kuharibu chochote. Kwa hiyo upatanifu ni uhusiano: hakuna prosesa iliyo patanifu peke yake, ila ni patanifu na ubao mama fulani (ubao mkuu unaounganisha vipuri vyote) wenye toleo fulani la BIOS, yaani programu ndogo ya ubao inayoiwasha mashine na kuvitambua vipuri. Kuingia, kwa upande mwingine, ni suala la umbo tu. Ufunguo huweza kuingia katika kitasa kisicho chake na ukakataa kugeuka.

Mfano ulio karibu nasi ni kompyuta za ofisini za Dell OptiPlex, ambazo huuzwa kwa wingi zikiwa zimeshatumika. OptiPlex 990 ya mwaka 2011 na OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 zinafanana kwa sura, zote zinatumia RAM ya DDR3, na zote zina soketi, yaani kikalio cha prosesa kwenye ubao mama, ya LGA 1155. Prosesa ya Core i7-3770, ya kizazi cha tatu cha kampuni ya Intel, inakaa vizuri katika soketi zote mbili, lakini ni 7010 pekee itakayowaka nayo. Sababu ni chipseti, yaani chipu ya ubao mama inayoratibu mawasiliano ya prosesa na vipuri vingine: 990 ina Q67, ambayo Intel haikuipa uwezo wa kuhudumia kizazi cha tatu, na 7010 ina Q77, inayohudumia cha pili na cha tatu. Mwenye 990 anayetaka prosesa yenye nguvu zaidi atafute i7-2600, ambayo ni ya kizazi cha pili, na ataifaidi bila kubadilisha kitu kingine chochote. Anayeambiwa kwamba "soketi ni ileile" ameambiwa ukweli usiomsaidia.

Kisa cha soketi ya LGA 1151 kinakera zaidi, kwa sababu hapo jina la soketi lenyewe lilikuwa mtego. Intel iliianzisha mwaka 2015 kwa prosesa za kizazi cha sita, ikaendelea nayo kwa kizazi cha saba, na mwaka 2017 ilipotoa kizazi cha nane iliacha idadi ya pini, ukubwa na mikato ya pembeni kama ilivyokuwa. Kilichobadilika ni kazi za baadhi ya pini, kwa kuwa prosesa mpya zilikuwa na viini (vitengo vya kufanyia hesabu) vingi zaidi na pini zaidi zilitengwa kwa ajili ya umeme, pamoja na maelekezo ambayo BIOS inapaswa kuwa nayo ili kuitambua prosesa. Matokeo yake ni kwamba i7-8700, ya kizazi cha nane, inaingia bila shida yoyote katika ubao wenye chipseti ya Z170, uliotengenezewa kizazi cha sita, feni zinazunguka, na skrini inabaki nyeusi. Fundi asiyejua historia hii huanza kubadilisha RAM, kisha pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine), kisha hutangaza kwamba prosesa ni mbovu, na kipuri kizima kinarudishwa dukani kikiwa kimepewa sifa mbaya isiyo yake.

Upande wa AMD, kampuni inayoshindana na Intel, unathibitisha jambo hilohilo kwa njia ya kinyume, na hapa mwenye mashine ya zamani ana habari njema. Soketi ya AM4 ilizipokea prosesa za Ryzen tangu mwaka 2017, na mwaka 2022 AMD iliruhusu prosesa za mfululizo wa 5000 zitumike hata katika mbao za kwanza kabisa za soketi hiyo. Mtu mwenye Ryzen 5 1600 katika ubao wa B350, mmoja wa mbao hizo za kwanza, anaweza kuweka Ryzen 5 5600, akabakiza ubao, RAM ya DDR4, kasha, diski na pawasaplai, mradi mtengenezaji wa ubao huo ametoa BIOS inayoitambua prosesa mpya. BIOS hiyo lazima iwekwe wakati prosesa ya zamani bado iko mahali pake, kwa sababu katika mbao nyingi mashine haiwezi kuwaka na prosesa isiyoijua ili ifundishwe kuijua. Hivyo ubao uleule na prosesa ileile huweza kutopatana asubuhi na kupatana mchana, ingawa umbo la soketi halijabadilika hata kidogo. Anayepima upatanifu kwa macho hana namna ya kuliona badiliko hilo.

Kwenye RAM watengenezaji walijitahidi kutulinda. DDR3, DDR4 na DDR5 zina mkato uliowekwa mahali tofauti, ili asiwepo mtu wa kuchomeka ya kizazi kimoja katika sloti ya kizazi kingine. Volti zake nazo zinatofautiana, 1.5 kwa DDR3 ya kawaida na 1.2 kwa DDR4. Lakini ulinzi huo una tundu. RAM za seva za aina inayoitwa RDIMM, katika DDR3 na DDR4, zina mkato sawa na RAM za kompyuta za mezani, na kwa kuwa seva zinazostaafishwa huziachia sokoni kwa wingi, bei yake huvutia sana. Zinaingia, lakini kompyuta ya kawaida ya mezani haitawaka nazo, kwa sababu kidhibiti cha kumbukumbu kilichomo ndani ya prosesa hakijui kuwasiliana na chipu ya ziada iliyo katikati ya RAM hizo. Vivyo hivyo kwa SSD (diski zisizo na sehemu inayozunguka) za umbo la M.2: kuna zinazotumia njia ya SATA na zinazotumia NVMe, na sloti moja huweza kuzipokea zote kwa umbo huku ikielewana na aina moja tu.

Kutopatana nilikokutaja hadi sasa humgharimu mtu fedha na muda tu. Kwenye umeme mambo ni mazito zaidi. Kompyuta nyingi za ofisini zina pawasaplai ndogo isiyo na plagi ya pini 6 ya kulisha kadi ya picha, na sokoni kuna waya za bei nafuu zinazogeuza plagi ya umeme ya SATA, ile ya kulisha diski, kuwa plagi hiyo. Waya huo unaingia pande zote mbili na kadi inawaka, kwa hiyo watu husema inapatana. Plagi ya SATA imeundwa kubeba hadi wati 54 hivi kwenye waya zake za volti 12, wakati kadi ina haki ya kudai wati 75 kutoka kwenye plagi ya pini 6. Kadi ikifanya kazi nzito, plagi hupata joto kupita kiasi na huweza kuyeyuka. Kwa fasili niliyoitoa, kipuri kinachofanya kazi huku kikielekea kuchoma kingine si patanifu, hata kama picha inaonekana safi kwenye skrini. Mwenye mashine ya namna hiyo achague kadi inayotosheka na umeme wa sloti yenyewe, au abadilishe pawasaplai. Na kabla ya kuinunua aangalie plagi inayolisha ubao mama, kwani OptiPlex 9020 hutumia ya pini 8 na HP EliteDesk 800 G1 hutumia ya pini 6 mahali ambapo pawasaplai za kawaida za ATX zina pini 24.

Upatanifu pia una viwango, na kuvikiri viwango hivyo ndiko kunakofanya vipuri vya zamani viendelee kutumika. SSD ya SATA ya kasi ya gigabiti 6 kwa sekunde hufanya kazi katika mlango wa zamani wa gigabiti 3, kwa kasi ya mlango huo, na bado mwenye kompyuta ataona tofauti kubwa akilinganisha na diski ya kuzunguka. RAM ya zamani ikichanganywa na mpya ya kizazi hichohicho, zote hutembea kwa kasi ya iliyo taratibu. Kadi ya Radeon RX 6500 XT ya mwaka 2022 inatumia njia nne tu za PCIe (mfumo wa kupitisha data kati ya kadi na ubao), kwa hiyo ikiwekwa katika ubao wa zamani wa PCIe 3.0 inafanya kazi lakini hupoteza sehemu ya uwezo wake katika baadhi ya michezo. Hapa jibu sahihi ni "inapatana, kwa kiwango hiki", na mnunuzi anastahili kuisikia sehemu ya pili ya jibu hilo kabla ya kutoa fedha.

Basi swali la dukani lirekebishwe kidogo tu. Badala ya kuuliza kama prosesa itaingia, mnunuzi ataje jina la ubao wake na toleo la BIOS, kisha aulize kama mtengenezaji wa ubao ameiorodhesha prosesa hiyo, na tangu toleo gani la BIOS. Kwenye Windows, amri ya msinfo32 huonyesha yote mawili. Kwenye Linux, dmidecode hufanya kazi hiyo. Muuzaji naye hatakiwi kukariri chipseti zote zilizowahi kutengenezwa: akisema "itaingia, ila kama inapatana bado sijahakikisha", atakuwa amemjibu mteja wake vizuri.