Someni mkia wa toleo, si kichwa chake tu

Nimeletewa tena ripoti ya ukaguzi inayosema OpenSSH 9.2 (programu ya kuingilia seva kutoka mbali) imepitwa na wakati, kwa hiyo seva iko hatarini. Seva yenyewe inaendesha Debian 12, mfumo endeshi wa aina ya Linux, na imesasishwa vizuri. Fundi wa pale, kwa kumwogopa bosi, alishaongeza mstari wa sid (tawi la Debian lisilo imara, lenye matoleo mapya kabisa) kwenye sources.list, faili la vyanzo vya programu. Jamani, acheni.

Julai 2024 ilitangazwa CVE-2024-6387 (CVE ni namba rasmi ya udhaifu wa usalama), udhaifu ambao ungeweza kumpa mshambulizi mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu, bila nywila. Waandishi wa OpenSSH walitoa 9.8. Debian haikuiingiza 9.8 kwenye stable (tawi lake tulivu) ya wakati ule. Ilichukua kiraka peke yake, ikakishonea kwenye 9.2, na pakeji (kifurushi cha programu) ikawa 1:9.2p1-2+deb12u3. Jibu liko kwenye mkia huo: kuanzia u3 kwenda juu, tundu limezibwa. Na mkia haujafichwa! Ukigonga mlango wa SSH, seva hujitaja yenyewe: OpenSSH_9.2p1 Debian-2+deb12u3. Skana ya mkaguzi imeletewa mstari mzima, ikasoma nusu. Tena Debian 11, yenye 8.4, haikuguswa kabisa, kwa sababu kosa hilo la zamani lilirudi kwenye 8.5. Aliyekuwa na namba ndogo zaidi ndiye aliyelala usingizi mnono.

Sasa huyo aliyekimbilia sid. Machi 2024 mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia, uligunduliwa kwenye programu ya kubana mafaili, xz 5.6.0 na 5.6.1. Ulikuwa umeshaingia sid na testing (tawi la kuandaa toleo lijalo). Debian 12 ilikuwa na 5.4.1, salama. Halafu pakeji moja ya sid mara nyingi huvuta libc6 mpya, maktaba ya msingi ya mfumo, na karibu kila programu imesimama juu ya libc6. Kuirudisha nyuma hakuna njia inayotegemewa. Anza na apt -s full-upgrade (-s huigiza tu, haibadilishi kitu), usome orodha ya pakeji zitakazoondolewa. Usibonyeze Y kwa mazoea.

Je, viraka vinatosha siku zote? Hapana. Mabadiliko ambayo Debian yenyewe iliyafanya kwenye OpenSSL, maktaba ya usimbaji, mwaka 2006 yaliharibu namba nasibu, na hadi Mei 2008 funguo zilizotengenezwa humo ziliweza kukisiwa: kwa kila aina na ukubwa, takriban 32,768 tu. Na vivinjari Firefox ESR na Chromium huletwa kwa matoleo mapya mazima, kwa kuwa kuzishonea viraka kimoja kimoja hakuwezekani. Linalonisumbua zaidi ni makosa yanayorekebishwa kimyakimya, bila namba ya CVE. Hayo huweza kubaki kwenye stable miaka, na sijui njia ya uhakika ya kuyakamata yote.

Mkaguzi akirudi, endesha apt changelog openssh-server (orodha ya mabadiliko ya pakeji), utafute sehemu ya deb12u3, umpe mistari hiyo. Kisha endesha needrestart, inayoonyesha huduma za kuanzishwa upya: pakeji inaweza kuwa mpya kwenye diski huku huduma bado inatumia maktaba ya zamani kwenye kumbukumbu.