Vali Inayofunga Bila Kumsubiri Mtu

Jioni ya Septemba 9, 2010, bomba la gesi la inchi 30 lilipasuka chini ya makazi ya watu huko San Bruno, California, nchini Marekani. Watu 8 walikufa. Gesi iliendelea kuulisha moto kwa dakika 95, kwani vali za kuikata zilikuwa za kufungwa kwa mkono na ilibidi mafundi wazifuate ziliko.

Vali ya dharura imewekwa ili muda huo usipotee. Wengi hudhani umeme ndio unaoifunga, kumbe ni kinyume chake. Juu ya vali pana silinda yenye springi nzito iliyobanwa, na upepo wa kompresa ndio unaoizuia isiachie. Presha ya bomba ikiporomoka, au mtu akibonyeza kitufe chekundu, umeme wa vali ndogo ya solenoidi (inayoendeshwa na sumaku ya umeme) unakatika, upepo unatoka kwa mlio mkali, na springi inalizungusha tufe lililo ndani ya vali robo mzunguko na kuziba njia. Kompresa ikifa au waya ukiungua, inafunga vilevile.

Kwenye boila za gesi huwekwa mbili zikifuatana. Mwali ukizimika hufunga ndani ya sekunde chache, maana gesi isiyowaka ikijaa tanurini, cheche moja inatosha kulipua. Ninayoipenda zaidi iko chini ya pampu za vituo vya mafuta: shingo yake imepunguzwa unene makusudi, gari likiigonga pampu ivunjike hapo hapo na kufunga. Ina pia kipande cha metali kinachoyeyuka kwenye joto la nyuzi 74 hivi. Haihitaji umeme wala upepo.

Mafuta, kwa kuwa ni kimiminika, hayataki pupa. Safu ndefu ya mafuta ikisimamishwa ghafla hugonga kama nyundo: kila mita 1 kwa sekunde ya mwendo uliokatwa huongeza presha ya baa 8 hadi 10, na bomba linaweza kupasuliwa na vali iliyokuja kuliokoa. Kwenye meli za gesi iliyogeuzwa kimiminika, vali hizi hupewa hadi sekunde 30.

Mahali ilipo nako kuna uzito. Kwenye Piper Alpha, jukwaa la mafuta na gesi katika Bahari ya Kaskazini lililoungua mwaka 1988, vali zilikuwepo jukwaani, lakini moto uliyapasua mabomba ya gesi upande ambao hazikuweza kuzuia. Watu 167 walikufa.

Vali iliyokaa wazi miaka bila kuguswa huganda. Kwa hiyo huzungushwa kidogo, asilimia 10 hadi 20, kisha ikarudishwa huku mtambo ukiendelea na kazi. Katika ukaguzi mmoja niliomba daftari la majaribio hayo. Kurasa za mwaka mzima zilijazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Tukapanda ngazi kuitazama vali yenyewe: ilikuwa imefungwa waya mnene, isifunge, kwa sababu, fundi alisema, ilikuwa inasumbua uzalishaji.