Tinti ya 50 haibaki 50: mbona gari lako linaanguka ukaguzi

Malalamishi ya vioo yamezidi sana siku hizi hapa kituo cha ukaguzi wa magari na karibu yote yanafanana. Mtu anakuja na boksi mkononi, ati nimeweka tinti ya 50, yaani karatasi ya giza ya kioo inayopitisha asilimia 50 ya mwanga, mbona mashine yenu ya kupima mwanga inasoma 38, halafu anaambia watu wa foleni mashine imechezewa. Mashine iko sawa jameni.

Kioo cheupe kabisa, hata kile cha dirisha la nyumba, hakipitishi mwanga wote. Kila uso unarudisha kama asilimia 4, na kioo kina uso wa nje na wa ndani, kwa hivyo asilimia 8 hivi imeshaenda kabla hujafanya chochote. Kioo cha gari nacho mara nyingi hutoka kiwandani na ukijani kidogo, ukipima unapata tuseme 75. Sasa fundi wa Kirinyaga Road, Nairobi, akibandika karatasi ya 50 juu yake, inapitisha nusu ya hiyo 75 iliyobaki, yaani 37.5, ndio mashine ikaandika 38. Ni hesabu ya kuzidisha, huchagui namba unayoipenda. Na zile gari za Japan ambazo vioo vya nyuma vilitiwa giza huko huko kiwandani, ukiongeza karatasi tena unabaki na nini?

Kuna mama alitubishia sana juu ya stika nyeupe, ile ya mlango wa bafu, alikuwa ameiweka dirisha la nyuma. Akasema inapitisha mwanga mwingi kushinda tinti, na kusema ukweli ilikuwa inapitisha. Nikasimama upande wa pili nikainua mkono nikamuuliza vidole ni vingapi, akaona kivuli tu. Nikausogeza mkono mpaka ukagusa kioo, vidole vikatokea vyote vitano. Hiyo ndio shida ya kitu nusu angavu, mwanga unafika lakini umetawanywa, kila mshale umeenda njia yake, kwa hivyo kitu kikiwa mbali kidogo sura yake inapotea. Kioo cha mbele kilichokwaruzwa na waipa kuukuu ni hivyo hivyo, mchana hauoni shida, usiku gari likikuja na fulu kioo chote kinageuka maziwa. Mita, yaani hiyo mashine yetu, inaweza kusoma vizuri na bado tukuangushe.

Kadibodi na pazia zinaziba mwanga, hazihitaji hata mashine.

Kuna hii nyingine ya joto. Watu wanadhani giza ndio baridi. Karatasi nyeusi inameza mwanga, na mwanga uliomezwa haupotei, unageuka joto hapo hapo kwenye kioo, kiguse saa saba mchana utajua. Jua lina mionzi ya joto isiyoonekana na macho, na ziko karatasi karibu nyeupe zinazoizuia vizuri tu. Na ile imani ati ukiwa na tinti huonekani, washa taa ya ndani usiku halafu utoke nje ujiangalie.

Sasa utaratibu, maana hapa ndio watu hugombana. Osha kioo pande zote mbili na ukikaushe, vumbi linapunguza usomaji na hatutakufutia sisi. Kabla ya kupima tunawasha mita bila kioo, lazima isome 100, una haki ya kuangalia. Kisha dirisha linateremshwa kidogo, kipande kimoja cha mita nje, kingine ndani. Gari likianguka unapewa karatasi ya makosa, unarekebisha, unarudi kupimwa upya, na kutupigia simu hakubadilishi namba. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari lililo barabarani lisiwe hatari kwa yeyote, na ukipatikana na hatia ya kuendesha gari lisilo katika hali hiyo faini inaweza kufika shilingi 400,000 ama kifungo cha miaka 2 ama vyote viwili. Kiasi gani ni uamuzi wa korti, sisi hatutozi faini, kwa hivyo anayekuomba pesa ya faini hapa langoni usimpe.

Na ukibandua hiyo karatasi toa gundi yote. Gundi iliyobaki inatawanya mwanga sawa na stika ya bafu, na tumeshawahi kurudisha magari mara ya pili kwa sababu ya gundi peke yake.